Je, Wajua? Kisahani Kimoja, Chipu za Wengi

Je, wajua kwamba mwaka 1979 wanafunzi wa vyuo vikuu 12 vya Marekani walitengenezewa chipu zao kwa pamoja, juu ya visahani vilevile vya silikoni? Mpango huo, MPC79, uliongozwa na Lynn Conway na wenzake katika maabara ya Xerox PARC, California. Michoro ilitumwa kwa ARPANET, mtandao uliotangulia intaneti, ikapangwa ubavu kwa ubavu, kisha visahani vikatengenezwa na Hewlett-Packard. Siku 29 baada ya mapokezi ya michoro kufungwa, chipu za miradi 82 zilikuwa tayari kwenda kwa wenyewe.

Walishirikiana kwa sababu ya gharama. Kuandaa kisahani ni ghali hata kama unataka chipu moja tu, mithili ya basi ambalo hula mafuta yaleyale liwe na abiria mmoja au hamsini. Peke yake, mwanafunzi asingeweza kabisa.

Na katika MPC79 ndimo ulimokuwa mradi wa Jim Clark, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Stanford. Chipu yake, Geometry Engine, ilifanya kazi moja: mahesabu ya picha za pande tatu, ili prosesa kuu ipumzike. Kwangu mimi hili ndilo la ajabu kuliko yote, kwamba chipu ya kuongeza kasi iliyozaa kampuni ya Silicon Graphics ilipita katika mpango ulioandaliwa kwa ajili ya mafunzo.

Mwaka 1981 utaratibu huo ukawa huduma ya kudumu, MOSIS, chini ya Chuo Kikuu cha Southern California, kwa fedha za DARPA, wakala wa utafiti wa Wizara ya Ulinzi ya Marekani. Mwaka huohuo ilipokea mchoro wa RISC I, prosesa ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, yenye transista takribani 44,000.

Je, wajua pia kwamba siku hizi mtafiti anaweza kujaribu prosesa yake bila kuchonga silikoni yoyote? Hutumia FPGA, chipu ambayo saketi zake hupangwa upya hata baada ya kutoka kiwandani. Ya kwanza kuuzwa na Xilinx, mwaka 1985, ilikuwa na vipande 64 tu vya kupangwa. Leo vyuo kama ETH Zurich na Paderborn vina vituo vya kompyuta zenye kadi za FPGA, na watafiti huzitumia wakiwa mbali. Kugeuza mchoro kuwa faili la kupakia kwenye kadi huchukua saa nyingi, lakini kazi hiyo hufanywa na kompyuta za kawaida. Kadi yenyewe inahitajika wakati wa majaribio tu, ndiyo maana chache huwatosha wengi.

Mwaka 2018 watafiti wa Berkeley walikodi FPGA za Amazon, wakaigiza juu yake seva 1,024 zilizounganishwa kwa mtandao, kila moja ikiwa na prosesa nne. Hakuna hata seva moja kati ya hizo iliyokuwa imetengenezwa.