Dumas: Jina la mtumwa lililovuma Ufaransa

LITAJWAPO jina Dumas, msomaji wa riwaya humkumbuka papo hapo Alexandre Dumas, mwandishi wa Les Trois Mousquetaires iliyotoka mwaka 1844. Hata hivyo, jina hilo lina wenyewe wengi, na si wote wa nasaba moja.

Chimbuko lake ni kusini mwa Ufaransa, ambako “mas” ni nyumba ya shambani pamoja na ardhi yake. Dumas basi ni mtu wa shambani. Mashamba ya aina hiyo yalikuwa mengi, na ndiyo maana familia zisizojuana kabisa zikajikuta na jina moja.

Lakini mwandishi huyo hakulirithi kutoka kwa mkulima wa kusini. Lilitoka kwa nyanyake, Marie-Cessette Dumas, mwanamke mweusi aliyekuwa mtumwa katika koloni ya Saint-Domingue, ambayo leo ni Haiti. Mwaka 1762 alimzalia kabaila Mfaransa, Davy de la Pailleterie, mtoto wa kiume aliyeitwa Thomas-Alexandre. Baba alipotaka kurejea kwao, alimweka mwanawe rehani ili apate nauli! Baadaye alimkomboa, na kijana akawasili Ufaransa mwaka 1776.

Alipojiunga na kikosi cha askari wa farasi mwaka 1786, tena akiwa askari wa cheo cha chini kabisa, aliliacha jina la babake na kujiandikisha kwa la mamake. Inasimuliwa kwamba mzee hakutaka jina la kikabaila lishushwe hadhi namna hiyo. Miaka saba baadaye, Dumas alikuwa jenerali. Alikwenda Misri chini ya Napoleon, wakakosana, kisha akafungwa miaka miwili katika ufalme wa Naples. Alipofariki mwaka 1806, mjane wake alinyimwa pensheni. Mwanawe, mwandishi wa baadaye, hakuwa ametimiza miaka minne.

Mwandishi naye alipata mwana nje ya ndoa, Alexandre wa pili, ambaye kisa chake La Dame aux camélias kilimpa Verdi msingi wa opera La Traviata. Mwaka 1874 mwana huyo alichaguliwa katika Akademia ya Ufaransa, heshima ambayo babake hakuipata. Mwaka uliofuata akachaguliwa Dumas mwingine asiye na udugu naye: Jean-Baptiste, mwanakemia kutoka Alès, ambaye njia yake ya kupima naitrojeni ingali inatumika kukadiria protini katika vyakula.

Kuna pia Roland Dumas, aliyekuwa waziri wa mashauri ya kigeni wa Ufaransa na aliyefariki mwaka 2024, na Marlene Dumas, mchoraji aliyezaliwa Cape Town mwaka 1953.

Mabaki ya mwandishi yalihamishiwa Panthéon, jijini Paris, mwaka 2002. Sanamu ya jenerali katika jiji hilo iliondolewa na kuyeyushwa wakati Wajerumani walipoikalia Ufaransa. Tangu mwaka 2009, katika uwanja ule ule ilikosimama, pana mnara wa ukumbusho wenye umbo la pingu kubwa za mtumwa, zilizokatika.