Kiherehere si kila anayeinua mkono

Muhula uliopita, mwanafunzi mmoja wa mwaka wa kwanza aliinua mkono mara ya tatu katika mhadhara wangu. Kabla hajafungua kinywa, sauti ikatoka nyuma: "Huyu naye ana kiherehere!" Ukumbi ukaangua kicheko. Msichana yule akashusha mkono, na hadi muhula ulipokwisha hakuuinua tena.

Neno moja lilitosha kumnyamazisha. Je, lilimstahili?

Tangu zamani, kiherehere ni mpapatiko wa moyo, ule wasiwasi wa mtu anayengoja habari asiyoijua. Kutoka kifuani maana ikahamia kwenye tabia. Leo mwenye kiherehere ni yule anayelikurupukia jambo kabla ya kutulia. Kimbelembele kina sura nyingine. Hapa neno 'mbele' limerudiwa na kutanguliwa na ki-, nalo humlenga anayejitanguliza pasipo kuitwa, kama mgeni anayepanga nani aketi wapi kwenye harusi ya wenyewe.

Kujipendekeza nako kunahitaji mkubwa wa kupendezwa. Kitenzi -penda kimezaa -pendeka, kisha -pendekeza, halafu kikatiwa -ji-. Maana yake ni kwamba mtu anahangaika ili yeye mwenyewe apendeke. Karani anayekimbia kumbebea bosi mkoba hadi garini hana kiherehere, anajipendekeza.

Tutazame kiambishi hicho -ji- kwa makini, maana ndicho chenye mizani. Tunamsifu anayejikaza na, kama wasemavyo vijana, "anayejituma". Papo hapo tunamcheka anayejigamba, anayejishaua na yule ambaye mtaani husemwa "anajiskia". Kujisikia kwenyewe hakuna ubaya, kwani hata mgonjwa hujisikia vibaya. Ila vijana wamelifinyanga neno hili likawa jina la majivuno.

Kwa nini -ji- moja ilete hukumu mbili? Katika kundi la kwanza, juhudi ya mtu inaelekea kwenye kazi. Katika la pili, inaelekea kwenye macho ya watu. Kuna hata kitenzi kinachosimama mpakani: kujitutumua. Anayejitutumua huenda anakusanya nguvu zake zote ainue mzigo, au anavimbisha kifua tu ili aonekane ana nguvu. Muktadha ndio huamua.

Basi kosa la yule kijana wa nyuma ni la kimaana kabla ya kuwa la kiadabu. Alipima idadi ya maswali, ilhali lugha yetu hupima nia. Kuuliza mara tatu si kukurupuka wala si kujitanguliza, maana nilikuwa nimewaalika waulize. Kicheko kile kiliwagharimu wengi. Matokeo ya mtihani yalipotoka, niliona wengi wamekwama palepale alipokuwa akipauliza.

Walimu wenzangu, mkisikia darasani "ana kiherehere", msicheke na wanaocheka. Ulizeni kwanza: juhudi hii ni ya kazi au ni ya macho? Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Hawakusema ainame gizani asije akaonekana.