Core i7 ya Kizazi cha Sita na Core i5 ya Kizazi cha Nane: Uchaguzi wa Mnunuzi wa Tindiga

Katika soko la kompyuta mpakato zilizokwishatumika, ambalo ndilo linalowapatia Watanzania wengi kompyuta yao ya kwanza, jina la prosesa hutangulia katika tangazo na katika mapatano ya bei, nalo husomwa kwa namba moja tu: Core i3 huhesabiwa kuwa ya chini, Core i5 ya kati na Core i7 ya juu. Usomaji huo una ukweli pale tu prosesa zinazolinganishwa zinapokuwa za kizazi kimoja na za kundi moja. Vizazi vinapotofautiana, namba hiyo inaweza kumfanya mtu alipe zaidi kwa mashine dhaifu zaidi, na hasara ya namna hiyo humwumiza hasa mnunuzi aliye mbali na soko.

Tindiga, kata ya wilaya ya Kilosa mkoani Morogoro, ni mfano mzuri wa umbali huo. Ni eneo la uwanda wenye mashamba ya mpunga na mahindi, ambako mito hufurika masika, na anayehitaji kompyuta huko hutegemea Morogoro mjini au Kariakoo, Dar es Salaam. Huenda mwenyewe au humwagiza ndugu, ama kwa basi linalopita Mikumi kwenye barabara kuu ya Iringa, ama, tangu mwaka 2024, kwa treni ya reli ya kisasa inayosimama Kilosa. Mashine ikishafika kijijini, kuirudisha kwa muuzaji ni nauli nyingine na siku nyingine za kazi zilizopotea. Kwa sababu hiyo mnunuzi wa Tindiga ana haja kubwa zaidi ya kujua kusoma jina zima la prosesa kuliko mkazi wa Kariakoo, anayeweza kurudi dukani jioni ileile.

Ulinganisho unaomfaa mnunuzi huyo ni wa prosesa mbili za kampuni ya Intel: Core i7-6600U, iliyotoka mwaka 2015, na Core i5-8250U, iliyotangazwa Agosti 2017. Ya kwanza hupatikana katika mashine kama HP EliteBook 840 G3 na Dell Latitude E7470, na ya pili katika HP EliteBook 840 G5 na Dell Latitude 7490. Zote ni kompyuta zilizotengenezwa kwa ajili ya ofisi, ndiyo maana huingia katika soko la mitumba pindi kampuni na taasisi za nchi za nje zinapobadilisha vifaa vyao.

Jina la prosesa husomwa kwa kuanzia mwisho. Herufi U inaonyesha kuwa prosesa ni ya kompyuta mpakato nyembamba na imewekewa kikomo kidogo cha umeme, ambacho kwa hizi mbili ni wati 15, ilhali herufi H au HQ huonyesha prosesa yenye kikomo kikubwa zaidi, kwa kawaida wati 45, inayopatikana katika mashine nene zenye feni kubwa. Katika majina haya, tarakimu inayofuata alama ya kistari ni kizazi: 6 katika 6600 na 8 katika 8250. Tarakimu tatu zilizobaki huonyesha daraja ndani ya kizazi hicho. Kwa hiyo i7 na i5 ni vyeo vya ndani ya ukoo mmoja wa mwaka mmoja, na cheo cha mwaka 2015 hakipimwi moja kwa moja na cheo cha mwaka 2017.

Prosesa ni kipande cha silikoni kinachotekeleza maagizo ya programu, na sehemu yake inayotekeleza maagizo hayo huitwa kiini. Kila kiini hufuata mapigo ya saa ya ndani, ambayo huhesabiwa kwa gigahezi, yaani mabilioni ya mapigo kwa sekunde. Core i7-6600U ina viini viwili, na Core i5-8250U ina vinne. Katika zote mbili kila kiini kinaweza kupokea mikondo miwili ya kazi kwa wakati mmoja, kiasi kwamba ya kwanza hushughulikia mikondo minne na ya pili minane. Kashe, ambayo ni kumbukumbu ndogo yenye kasi sana iliyo ndani ya prosesa yenyewe, ni megabaiti 4 katika i7 hiyo na megabaiti 6 katika i5 hiyo. Kwa kila kipimo kati ya hivi, prosesa yenye cheo cha chini ndiyo iliyo mbele.

Kuna namba moja ambayo humpotosha hata mnunuzi makini. Karatasi ya sifa huandika gigahezi 2.6 kwa i7-6600U na gigahezi 1.6 kwa i5-8250U, na muuzaji anaweza kusema, bila nia mbaya, kwamba ya kwanza ina kasi zaidi. Namba hizo ni mwendo wa msingi, yaani mwendo ambao prosesa imekusudiwa kuudumisha viini vyote vikiwa kazini bila kuvuka kikomo cha umeme. Wati 15 zilezile zinapogawanywa kwa viini vinne badala ya viwili, mwendo wa msingi wa kila kiini lazima upungue. Hata hivyo, kazi inapokuwa ya kiini kimoja kwa muda mfupi, zote mbili hupanda hadi gigahezi 3.4, na kwa kuwa muundo wa viini vyao ni karibu uleule, pigo moja la saa hufanya kazi karibu sawa katika zote. Kazi inapogawanyika, viini vinne vya gigahezi 1.6 vina jumla ya gigahezi 6.4 dhidi ya 5.2 za viini viwili, na hiyo ndiyo hali mbaya kabisa kwa i5, kwa sababu mashine inayopozwa vizuri huendesha viini hivyo juu ya mwendo wa msingi. Tofauti yao ni kama ya shamba la mpunga lenye wavunaji wawili na lenye wavunaji wanne wa nguvu sawa: kufunga mzigo mmoja hakutaharakishwa na wingi wa watu, lakini shamba zima litamalizika mapema zaidi.

Kazi za kila siku za kompyuta katika kata kama Tindiga, hasa katika stesheneri, yaani duka la kuchapa na kuprinti, ni kuchapa mitihani na barua, kujaza maombi ya ajira na ya mikopo ya elimu ya juu kwenye mtandao, kuangalia matokeo ya mitihani ya NECTA, kuprinti, kutazama video na kuhamisha nyimbo na filamu kwenye memori kadi. Mwenye kuchapa tu hatahisi tofauti kubwa kati ya prosesa hizi, kwa kuwa kuchapa ni kazi ya kiini kimoja na ya vipande vidogovidogo. Tofauti huonekana kazi zinapopandana: kurasa kumi za intaneti zikiwa wazi, programu ya kuzuia virusi ikikagua diski ya mteja, mafaili yakinakiliwa na printa ikisubiri. Hapo viini viwili hulemewa na mashine huganda kwa muda, ilhali vinne huendelea. Kazi ya kubadilisha umbo la video ili iingie kwenye simu ndiyo inayonufaika zaidi na wingi wa viini. Aidha, prosesa ya kizazi cha nane ina sehemu maalumu ya kufungua video za mfumo wa VP9, ambao YouTube huutumia sana, wakati ile ya kizazi cha sita hufanya sehemu ya kazi hiyo kwa nguvu za kawaida na hivyo hutumia betri zaidi. Mahali ambapo umeme hukatika, jambo hilo si dogo.

Kuhusu gemu, hukumu ni tofauti, na wauzaji wachache huieleza. Gemu nyingi hazitegemei prosesa kwanza bali sehemu inayochora picha, na kompyuta hizi kwa kawaida hazina kadi ya michoro inayojitegemea. Hutumia michoro iliyomo ndani ya prosesa. Intel HD 520 ya i7-6600U na Intel UHD 620 ya i5-8250U zina idadi ileile ya vitengo vya kuchora, yaani 24, na miendo yao ya juu ni gigahezi 1.05 na 1.1. Huo ni uwezo mmoja kwa majina mawili. Gemu ya PES 2017 au GTA San Andreas huchezeka katika zote, GTA V hulazimu kushusha ubora wa picha hadi ngazi ya chini katika zote, na matoleo ya karibuni ya EA Sports FC yanahitaji kadi ya michoro ambayo hakuna kati ya hizi iliyo nayo. Kijana anayeongeza fedha ili apate i7 kwa ajili ya gemu ananunua herufi iliyobandikwa kwenye kava. Tofauti ni kwa gemu za hesabu nyingi kama Football Manager, ambayo huendesha ligi nzima kwa mamia ya mechi zisizoonekana. Hiyo hutegemea prosesa, na viini vinne huipeleka siku ya mechi haraka zaidi.

Jambo linalobadilisha gemu kuliko tofauti ya prosesa hizi ni mpangilio wa RAM, yaani kumbukumbu ya muda ambamo programu huwekwa zinapofanya kazi. Michoro ya ndani haina kumbukumbu yake, hivyo hukopa RAM ya kompyuta, na kipande kimoja cha RAM ya DDR4 cha mwendo wa 2133 hupitisha takribani gigabaiti 17 kwa sekunde, ilhali vipande viwili hufikia takribani 34. Kwa hiyo vipande viwili vya gigabaiti 4 huchezesha gemu vizuri zaidi kuliko kipande kimoja cha gigabaiti 8, ingawa jumla ni ileile. EliteBook 840 G3 na 840 G5 zina nafasi mbili za RAM, na mara nyingi moja huwa tupu.

Joto nalo lina neno. Kilosa ni wilaya yenye sehemu kubwa ya nyanda za chini zenye joto, na vumbi la kiangazi huziba feni. Prosesa inayokaribia nyuzijoto 100 hujipunguzia mwendo ili isiungue, na i5-8250U, inayobana viini vinne ndani ya wati 15, hupoteza zaidi feni inapoziba. Fundi akiisafisha na kubadilisha gundi ya kupitisha joto iliyokauka, sehemu kubwa ya mwendo hurudi. Kuiweka mashine juu ya godoro wakati wa kucheza gemu kunaziba matundu yake ya hewa.

Hoja nzito kuliko zote haihusu kasi. Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, inazikubali rasmi prosesa za Intel kuanzia kizazi cha nane, na Microsoft ilisitisha masasisho ya bure ya usalama ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, isipokuwa kwa waliojiandikisha katika mpango wa masasisho ya nyongeza. Core i5-8250U imo katika orodha ya prosesa zinazokubaliwa na Windows 11, na Core i7-6600U haimo. Kompyuta inayopokea flashi na memori kadi za kijiji kizima kila siku ndiyo inayohitaji zaidi ulinzi huo.

Anayejali gemu kuliko yote angefaa kuitazama pia Ryzen 5 3500U ya kampuni ya AMD, iliyotangazwa mwaka 2019 ikiwa na viini vinne, kikomo cha wati 15 na michoro ya Vega 8 ambayo ni imara kuliko UHD 620. Nayo inakubaliwa na Windows 11.

Kabla ya kulipa, mnunuzi abonyeze vitufe vya Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, kisha afungue ukurasa wa utendaji wa mashine. Hapo jina kamili la prosesa, idadi ya viini na mikondo, pamoja na nafasi za RAM zilizotumika, huonekana bila kutegemea stika iliyobandikwa pembeni mwa kibodi. Anayemwagiza ndugu anaweza kumwomba apige picha ya ukurasa huo na kuituma kwa WhatsApp. Kama bei za mashine hizi mbili zinakaribiana, ya kununuliwa ni i5-8250U.

Aliyekwisha kununua i7-6600U hana haja ya kuiuza kwa hasara. Diski ya SSD badala ya diski ya kuzunguka hufupisha muda wa kuwaka kwa kiasi ambacho hakuna prosesa ya daraja hili inayoweza kukifikia, kipande cha pili cha RAM huinua gemu, na mfumo wa bure kama Linux Mint huendelea kupokea masasisho ya usalama, ingawa baadhi ya gemu na programu za Windows hazitafanya kazi ndani yake. Kwa stesheneri inayochapa, kuprinti na kufungua tovuti za serikali, mashine hiyo bado ina miaka ya kazi mbele yake.