Unasafiri? Usichapwe na Bei ya Dola: Venye Utabadilisha Doh Westi Bila Kuumia

Tiketi ya Dubai iko kwa simu, viza imetoka, na mbogi imeshaanza kubishana nani atapiga picha. Imebaki kitu moja tu: doh. Umesevu mwaka mzima na sasa lazima shilingi zako zigeuke pesa ya watu. Hapa ndipo wasee wengi hupoteza thao mbili tatu bila hata kushtuka, kwa sababu hakuna mtu huwapa bili. Hiyo bili imefichwa ndani ya bei.

Wacha tukuchanue.

Ubao haukuongelei wewe

Ingia forex yoyote pale Sarit, ama zunguka upande wa Westgate. Utapata ubao una safu mbili: "We Buy" na "We Sell". Hayo maneno ni ya mwenye duka. Wewe unataka dola, kwa hivyo yeye ndiye anauza: bei yako ni ile ya "We Sell". Ukirudi safari na dola zimebaki, sasa yeye ndiye ananunua, na bei ya "We Buy" huwa chini kila siku.

Tofauti ya hizo namba mbili, tuiite pengo, ndiyo mshahara wa duka. Ndiyo maana tangazo la "hatukati ada" lisikupumbaze.

Tupige hesabu ya mfano. Duka la kwanza linanunua dola kwa 127.50 na kuuza kwa 130.50. Ukichukua dola 500 utalipa 65,250. Safari ikivunjika na uzirudishe hapo hapo, utapewa 63,750. Thao moja na nusu imeenda na hata hujafika JKIA. Duka la pili linanunua kwa 126 na kuuza kwa 132. Mchezo ni ule ule lakini hapo umepoteza thao tatu. Maduka yanaweza kuwa hatua chache tu kati yao, so tembea. Uliza angalau matatu kabla hujatoa doh.

Kabla utoke keja, cheki bei ya siku kwa tovuti ya Benki Kuu ya Kenya. Hiyo ni bei ya katikati na hakuna dirisha litakuuzia kwayo, lakini itakuonyesha duka gani limekaa karibu na ukweli na gani linakubeba ufala. Na usingoje hadi airport. Pale wanajua huna pa kwenda.

Bei tamu ya mtaani ni mtego

Kuna msee atakutext ama akushike bega nje ya mall: "Boss, nina dola, nakupea bei poa kuliko forex." Jiulize: kama dola zake ni safi, mbona auze hasara? Nairobi ni mji wa wash wash na wewe unajua. Forex halali ina leseni ya Benki Kuu, na majina ya zote zenye leseni yako kwa tovuti hiyo hiyo. Hesabu pesa hapo dirishani, chukua risiti, ndio utoke.

Noti mpya ya dola 100, iliyoanza kutoka Oktoba 2013, ina utepe wa bluu uliofumwa ndani ya karatasi. Iinamishe uone: picha za kengele zinabadilika kuwa namba 100. Pitisha kidole begani mwa Franklin, utahisi mkwaruzo. Ukipewa noti imechanika, imeandikwa kalamu, ama ile ya zamani yenye kichwa kidogo, irudishe hapo hapo. Marekani bado ni halali, lakini maduka mengi huku kwetu huikataa ama huikata bei.

Inategemea unaenda wapi

Kila ukibadilisha pesa unalipa pengo. Ukibadilisha mara mbili, unalipa mara mbili.

Ukienda Kampala, kutoa shilingi yetu uende kwa dola, halafu dola uende kwa shilingi ya Uganda, ni kujichapa bure kama unaweza kubadilisha moja kwa moja.

Dubai, dirhamu imefungwa kwa dola tangu 1997: dola moja ni dirhamu 3.6725. Kwa hivyo dola 100 inafaa ikupe karibu dirhamu 367. Ukipewa 340, hama dirisha.

Zanzibar, beba shilingi ya Tanzania. Tangu Machi 2025, sheria ya Tanzania inakataza bidhaa na huduma za ndani kutajwa bei ama kulipwa kwa pesa za kigeni.

Na kama doh yako ni ya nguvu, yaani inapita dola 10,000 taslimu, lazima uitangaze kwa forodha ukitoka ama ukiingia Kenya. Kuibeba si kosa. Kuificha ndiyo noma.

Kadi: ukiulizwa, kataa shilingi

Usibebe kila kitu taslimu. Piga benki kabla ya safari uhakikishe kadi yako itafanya kazi nje, na uulize wanakata ngapi ukinunua na ngapi ukitoa kwa ATM. Hakikisha pia laini yako itapata esemesi ukiwa huko, kwa sababu ile namba ya siri ya benki itatumwa hapo. Kwa kulipia hoteli mtandaoni kuna ile kadi ya Visa ya M-Pesa, GlobalPay, iliyoanza 2022.

Sasa, mtego mkubwa ni huu. Mashine ya dukani itakuuliza: unataka kulipa kwa shilingi ya Kenya ama kwa pesa ya hapo? Ukiona shilingi utajihisi nyumbani. Kataa. Ukikubali, mwenye mashine ndiye anapanga bei ya kubadilisha, na mara nyingi inakuumiza kuliko ya benki yako. Chagua pesa ya hapo, kila saa.

Dola si ya kuweka kama shamba

Wasee wengine hurudi na dola wakaziweka chini ya godoro, ati zitapanda. Januari 2024 dola ilipita shilingi 160. Februari serikali ikauza Eurobond mpya ili ilipe sehemu ya ile iliyokuwa inaiva Juni, soko likatulia, na kufikia Aprili dola ilikuwa inacheza karibu 130. Aliyenunua dola 1,000 pale juu alishuka kama thao thelathini kwa miezi mitatu.

So nunua za safari yako, ongeza kidogo ya dharura, basi. Na sarafu zako zimalize huko huko kwa maji na chai, maana ukirudi nazo Westi hakuna dirisha litazitaka.