Kimya cha Namna Tatu: Istilahi za Simu ya Mezani

Simu ya mezani ya siku hizi ina vitufe kadhaa ambavyo ile ya kuzungusha namba haikuwa navyo, pamoja na kioo kidogo cha maandishi. Katika ofisi nyingi vitufe hivyo vimeandikwa Kiingereza, na watumishi huvitaja kwa neno moja tu, yaani "kimya". Neno ni zuri, ila limebebeshwa mizigo mitatu, na mtafsiri wa kitabu cha maelekezo hana budi kuitenganisha.

Kimya cha kwanza ni cha mlio: simu inapopigwa haiiti. Cha pili ni cha kinasasauti: sisi tunaendelea kumsikia mwenzetu, lakini yeye hatusikii. Cha tatu ni cha mazungumzo yote: hakuna anayemsikia mwenziwe, ijapokuwa simu haijakatwa.

Wengine husema "kuzima sauti". Hapo ndipo penye hatari, kwani haielezwi ni sauti ya nani. Tuchukue mfano wa ofisi ya kata mahali kama Kiabakari, wilayani Butiama. Mtendaji anazungumza na ofisi ya wilaya, mara anaingia mwananchi na kuanza kueleza shauri lake la shamba au la ndoa. Kitabu kimesema "zima sauti". Mtendaji anapunguza hadi mwisho sauti anayoisikia yeye, na siri ya mwananchi inafika wilayani neno kwa neno. Akibonyeza kitufe kilicho sahihi, lakini kipaza sauti kikawa wazi, basi ni mgeni atakayeyasikia maneno ya wilaya.

Tunapendekeza kunyamazisha kwa mlio, kuziba kwa kinasasauti, na kusubirisha kwa mazungumzo. Kuziba si neno la kubuni. Hata katika ofisi za Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyovunjika mwaka 1977, aliyetaka kumnong'oneza jirani yake aliziba kwa kiganja sehemu ya kusemea. Kitufe kinafanya kazi ileile, tena vizuri zaidi, maana kiganja huvujisha.

Kuhusu sehemu yenye maandishi, "onyesho" halifai. Hilo ni la jukwaani. "Kiwambo", litokanalo na kuwamba, lafaa katika maandishi ya kitaalamu. Kwa karani, "kioo" linatosha.

Kioo huonyesha namba ya anayepiga, muda wa mazungumzo na, katika simu nyingi za namna hii, kwamba kinasasauti kimezibwa. Nafasi yake ni finyu: "Kinasasauti kimezuiwa kwa muda" haitaenea. "Imezibwa" peke yake itaenea, lakini msomaji atadhani ni laini iliyozibwa. Iandikwe "Sauti yako imezibwa"; na nafasi ikipungua, "yako" lisiwe neno la kwanza kukatwa.