Ruzuku ya utafiti wa uzamifu ng'ambo: pa kuanzia na pa kuwa mwangalifu

Kwa zaidi ya miaka 70 watafiti wa ng'ambo wamekuwa wakija Taita Taveta na madaftari yao na barua za ufadhili. Grace Harris alikaa na jamii za Milima ya Taita mwanzoni mwa miaka ya 1950, na kitabu chake kuhusu dini ya Wataita kikatoka 1978. Bill Bravman alichapisha historia ya Wataita mwaka wa 1998, na James Smith akafuata 2008 na kitabu kuhusu uchawi na maendeleo. Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland, kina kituo chake cha utafiti papo hapo Wundanyi.

Makala haya yanahusu safari ya upande wa pili: mwanafunzi wa uzamifu kutoka Voi, Mwatate, Wundanyi au Taveta anayetaka kwenda ng'ambo kwa miezi kadhaa kukusanya data ya tasnifu yake, kisha arudi kumalizia nyumbani. Fedha za safari hiyo zipo. Wanaozikosa si lazima wawe na akili pungufu. Mara nyingi walianza kuomba wakiwa wamebakiza wiki tatu.

Ruzuku si basari

Wakazi wengi wanaijua basari: fomu hujazwa, mhuri wa chifu hutafutwa, hali ya familia huelezwa, na karo hulipwa kiasi. Ruzuku ya utafiti haifanyi kazi hivyo. Mfadhili haulizi kwanza kama mwombaji ni yatima au kama mzazi hana kazi. Anauliza swali la utafiti ni lipi, kwa nini lina uzito, na kama mtu huyu anaweza kulijibu kwa muda na fedha anazoomba. Barua ya kueleza shida za nyumbani, hata ikiwa ya kweli na ya kugusa moyo, haimwongezei mwombaji alama.

Ni vyema pia kujua mipaka ya serikali ya kaunti. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linazipa kaunti elimu ya chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini na vituo vya malezi ya watoto. Vyuo vikuu ni jukumu la serikali ya kitaifa. Kwa hivyo mwanafunzi wa uzamifu aangalie Mfuko wa Kitaifa wa Utafiti (NRF), ulioundwa kwa Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013, ambao umewahi kufadhili wanafunzi wa uzamili na uzamifu, pamoja na mikopo ya HELB kwa masomo ya juu. Kwa kazi ya ng'ambo, hata hivyo, sehemu kubwa ya fedha hutoka kwa mashirika ya nje.

Swali la kwanza: kwa nini ng'ambo?

Hapa ndipo maombi mengi hufia. Jopo la wafadhili likisoma kwamba mwombaji anataka kwenda Uingereza "kupata uzoefu wa kimataifa", huliweka kando ombi hilo na kuchukua linalofuata. Sharti ionekane wazi kwamba kitu kinachotafutwa kiko huko na hakiko hapa.

Chukua mfano wa mwanafunzi wa historia kutoka Taveta anayechunguza maisha ya raia wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Vita vya Salaita vilipiganwa tarehe 12 Februari 1916 kwenye kilima kinachoonekana kutoka barabara ya Voi kwenda Taveta. Shajara za vikosi vya Uingereza vilivyopigana Afrika Mashariki zimo katika Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka ya Uingereza, mtaa wa Kew, London, kwenye faili za kundi la WO 95. Mawasiliano ya serikali ya kikoloni ya Kenya yako hapo hapo, kundi la CO 533. Faili zilizoondolewa kwenye makoloni kabla ya uhuru na kufichwa kwa miongo kadhaa zilianza kufunguliwa 2012, nazo ni FCO 141. Anayetaka historia ya misheni ya Sagalla, iliyoanzishwa na Joseph Wray wa Church Missionary Society mwaka wa 1883, ataelekea Chuo Kikuu cha Birmingham, kwa kuwa kumbukumbu za shirika hilo zimetunzwa huko.

Ombi linalotaja makundi ya faili namna hii limeshapita nusu ya washindani wake. Linabakiwa na swali moja gumu: je, mwombaji ameshasoma kilichopo Nairobi? Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa iliyo Moi Avenue ina ripoti za kikoloni za wilaya. Jopo litakalogundua kwamba mwombaji hajawahi kuingia jengo hilo halitamlipia ndege ya kwenda Kew.

Sayansi ina mantiki hiyo hiyo. Mwanafunzi wa uhandisi wa madini anaweza kuhitaji maabara ambayo haipo nchini. Chuo Kikuu cha Taita Taveta kina kituo cha umahiri cha madini, CEMEREM, kinachoendeshwa pamoja na vyuo vya Ujerumani vya Dresden na Freiberg, na cha Freiberg kimekuwa kikifundisha uchimbaji madini tangu 1765. Anayechunguza ua dogo la zambarau la Mlima Mbololo, ambalo asili yake ni msitu huo, atataka kulinganisha sampuli zake na zile za zamani zilizokaushwa na kuhifadhiwa katika Bustani ya Mimea ya Kew. Bustani hiyo na hifadhi ya nyaraka ziko mtaa mmoja, kwa hivyo mwanahistoria na mwanabotania wa Taita wanaweza kushuka kituo kimoja cha treni.

Swali lenyewe lisiwe pana kama Tsavo. "Athari za ndovu kwa jamii" ni mada ya mkutano wa hadhara. Lucy King aliuliza jambo dogo zaidi: je, ndovu huogopa nyuki? Aliwachezea ndovu sauti ya nyuki iliyorekodiwa, akatazama kama wataondoka, kisha akaendelea hadi kwenye uzio wa mizinga. Chuo Kikuu cha Oxford kilimpa shahada ya uzamifu kwa kazi hiyo, na mwaka wa 2011 tasnifu yake ikapata tuzo ya Umoja wa Mataifa ya utafiti wa wanyama wanaohama. Wakulima wa Sagalla wanaijua tasnifu hiyo bila kuisoma, kwa sababu mizinga yenyewe inaning'inia kando ya mashamba.

Milango michache ya kubisha

Kwa mwanafunzi aliyesajiliwa katika chuo cha Kenya, mpango unaofaa zaidi Uingereza ni ufadhili wa Jumuiya ya Madola uitwao Split-site. Humpeleka mwanafunzi katika chuo cha Uingereza kwa hadi miezi 12, ukilipia nauli, ada na posho ya kila mwezi, huku shahada ikibaki ya chuo chake cha nyumbani. Lazima awe na msimamizi wa Uingereza aliyekubali kumpokea. Maombi huitishwa mapema kabla ya safari.

Ujerumani hufadhili kupitia DAAD, ambalo lina ofisi Nairobi. Lina ruzuku za muda mfupi zisizozidi miezi 6, za hadi mwaka mmoja, na mpango wa usimamizi wa pamoja ambapo mwanafunzi ana wasimamizi wawili, mmoja Kenya na mwingine Ujerumani. Masharti yanayowakwaza watu ni mawili: shahada ya mwisho isiwe ya zamani sana, na mwombaji asiwe ameishi Ujerumani zaidi ya miezi 15 wakati anapoomba.

Kwa wanaanthropolojia wapo Wenner-Gren wa Marekani, ambao hupokea maombi ya utafiti wa tasnifu kutoka kwa mtu wa taifa lolote, mara mbili kwa mwaka, Mei na Novemba. Ruzuku yao ni ya gharama za utafiti, si karo.

Masharti haya hubadilika, wakati mwingine katikati ya mwaka. Tangazo la mwaka husika katika tovuti ya mfadhili mwenyewe ndilo la kufuata, si karatasi iliyosambazwa kwenye kikundi cha WhatsApp.

Barua ya mwenyeji

Karibu kila ruzuku hudai barua ya profesa au taasisi itakayompokea mwanafunzi. Barua hii ndiyo huchukua muda mrefu kuliko kitu kingine chochote, na haitegemei bidii ya mwombaji peke yake. Maprofesa hupokea barua pepe nyingi za "Ninaomba unisaidie kupata ufadhili" na huzifuta bila kujibu. Hujibu ile fupi inayoonyesha kwamba mwandishi amesoma kazi yao fulani, ana swali linalohusiana nayo, ana msimamizi Kenya, na anaomba kitu kimoja: barua ya mwaliko kwa tarehe fulani, kwa ajili ya ruzuku fulani. Pendekezo la kurasa mbili liambatishwe. Asipojibu kwa wiki mbili, akumbushwe mara moja kwa adabu, kisha atafutwe mwingine. Msimamizi wa nyumbani akiandika neno la utambulisho, mlango hufunguka haraka zaidi.

Wanaoandika barua za mapendekezo nao wapewe angalau wiki sita, na nakala ya pendekezo lenyewe. Mhadhiri aliyeambiwa Alhamisi kwamba barua inatakiwa Ijumaa ataandika sentensi tatu zinazomfaa mwanafunzi yeyote.

Fedha, na kila shilingi na sababu yake

Bajeti nzuri haijivunii udogo. Anayeomba kidogo mno huonyesha kwamba hajui gharama, na anaweza kujikuta amekwama Februari bila kodi ya nyumba. Vinavyosahaulika ni bima ya afya, amana ya nyumba, ada ya visa, safari za Nairobi za kutoa alama za vidole, na nguo za baridi. Kwa kukaa Uingereza zaidi ya miezi 6, Mkenya hudaiwa pia cheti cha kipimo cha kifua kikuu, kinachofanyiwa Nairobi na Shirika la Kimataifa la Uhamiaji. Kwa upande mwingine, hifadhi ya Kew haitozi kiingilio, na msomaji anaruhusiwa kupiga picha nyaraka kwa kamera yake bure. Mwombaji anayejua hilo hataweka shilingi elfu mia moja za "kunakili".

Pasipoti iombwe mapema kupitia eCitizen. Ofisi ya Uhamiaji ya Mombasa iko karibu na wakazi wa Voi kuliko Nairobi. Mtumishi wa umma aombe ruhusa ya masomo kwa maandishi kabla ya kutuma ombi la ruzuku, wala si baada ya kushinda.

Vibali vya nyumbani havisahauliwi

Safari ni ya ng'ambo, lakini tasnifu nyingi zina mguu mmoja hapa. Yeyote anayefanya utafiti Kenya, awe Mkenya au mgeni, anahitaji leseni ya NACOSTI, na leseni hutaja kaunti anazoruhusiwa kufanyia kazi. Kabla yake kuna idhini ya kamati ya maadili iliyoidhinishwa, hasa pale watu wanapohojiwa. Mtafiti akifika kaunti hupiga ripoti kwa Kamishna wa Kaunti na Mkurugenzi wa Elimu. Kazi ya wanyamapori hupitia pia Taasisi ya Utafiti na Mafunzo ya Wanyamapori iliyo Naivasha.

Sampuli ndizo huleta balaa. Jani, mbegu, udongo au kipande cha mwamba hakisafiri mfukoni. Kwa rasilimali za kijenetiki kuna kibali cha NEMA chini ya kanuni za 2006 pamoja na mkataba wa kuhamisha sampuli. Kwa mimea kuna cheti cha KEPHIS. Kwa madini kuna kibali chini ya Sheria ya Madini ya 2016. Hata mwana wa Mbololo aliyelichuma ua kwenye msitu wa babu yake atazuiwa uwanja wa ndege kama mgeni mwingine yeyote. Sheria hizi zinalinda kaunti ambayo mawe yake ya thamani na mimea yake imetoka mara nyingi bila wenyeji kujua, na mwombaji anayezitaja katika pendekezo lake huonekana mtu anayejua kazi.

Walaghai, na saa ya mwisho

DAAD na Jumuiya ya Madola hawatozi ada ya kuomba. Anayedai shilingi elfu tano za "kushughulikia faili", au anayepiga simu kusema umeshinda ufadhili ambao hukuomba, ni mwizi. Apigiwe ripoti kituo cha polisi na ujumbe wake uhifadhiwe.

Makataa nayo husomwa kwa saa za mfadhili. Saa kumi jioni ya London ni saa moja jioni Kenya kuanzia mwisho wa Oktoba hadi mwisho wa Machi, lakini ni saa kumi na mbili jioni miezi mingine, kwa sababu Waingereza husogeza saa zao. Siku ya mwisho tovuti huelemewa, na stima ikipotea Mgange au Kasighau hakuna afisa wa London atakayeongeza dakika. Ombi litumwe siku mbili kabla, na ujumbe wa kuthibitisha kupokelewa uchapishwe na kuwekwa pamoja na nakala ya pasipoti.