Imani ya Yosefu: Mafundisho kwa Nyumba ya Mkristo

Wakristo wengi wakitajiwa kuzaliwa kwa Yesu hukumbuka mara moja hori la kulishia ng'ombe, wachungaji makondeni na wimbo wa malaika. Hayo yote yamesimuliwa na Luka. Mathayo, aliyeieleza habari hiyo katika sura mbili za kwanza za Injili yake, hataji hori wala wachungaji. Yeye amweka mbele ya msomaji mtu ambaye mara nyingi huachwa pembeni: Yosefu, mchumba wa Maria. Na la kustaajabisha ni kwamba katika sura hizo zote mbili Yosefu hanukuliwi akisema hata neno moja. Huota, huamka, hutenda. Katika ukimya huo mna mafundisho makubwa kwa kila nyumba inayojiita ya Kikristo.

HAKI NA HURUMA

Fundisho la kwanza latoka katika fedheha. Maria alikuwa ameposwa na Yosefu, nao walikuwa hawajaanza kukaa pamoja, alipoonekana ana mimba. Yafaa ikumbukwe kwamba kwa Wayahudi wa wakati ule uchumba haukuwa ahadi ya maneno tu. Ulikuwa kifungo cha sheria. Mchumba alihesabiwa kuwa mke, wala hakuachwa ila kwa talaka. Torati nayo iliandika adhabu ya kifo kwa mwanamke aliyeposwa akaonekana amevunja uaminifu. Kwa hiyo Yosefu alikuwa na sheria mkononi mwake. Kama angalimshtaki Maria mbele ya watu, hakuna ambaye angalimlaumu.

Mathayo amwita mtu wa haki, lakini aonyesha haki ya namna nyingine. Kabla malaika hajamtokea, kabla hajaelezwa lolote juu ya Roho Mtakatifu, Yosefu alikuwa amekwisha kuazimia kumwacha Maria kwa siri ili asimwaibishe. Hapo ndipo penye uzito wa habari hii. Kumhurumia mtu baada ya kujua kwamba hana hatia si kazi ngumu. Yosefu alimhurumia Maria wakati ambapo bado aliamini kuwa ametendewa ubaya. Ni mara ngapi katika nyumba za waumini kosa la binti, au tetesi tu ya kosa, hutangazwa kwanza, na kuulizwa kukafuata baadaye?

KUMPA MTOTO JINA

Katika ndoto ya kwanza malaika alimwambia Yosefu asiogope kumchukua Maria, na kwamba yeye ndiye atakayempa mtoto jina la Yesu. Agizo hilo si dogo. Mathayo ameanza kitabu chake kwa orodha ya vizazi tangu Ibrahimu, kupitia kwa mfalme Daudi, hata kumfikia Yosefu. Mtoto hakuwa wa damu ya Yosefu. Aliingia katika ukoo wa Daudi kwa sababu Yosefu alikubali kumpa jina na kumtambua kuwa wake mbele ya watu.

Katika orodha hiyo hiyo Mathayo ametaja, kabla ya kumfikia Maria, wanawake wanne: Tamari, Rahabu, Ruthu na yule aliyekuwa mke wa Uria. Koo nyingi zingalipenda kuzificha habari kama za baadhi yao. Mwinjilisti hakuzificha.

Wahenga walisema, kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Mwanamume anayemlea yatima, au mtoto aliyekuja na mama yake, akamlipia karo na kumwita mwanangu bila kusitasita, ameshika njia ile ile aliyoishika Yosefu.

WALIOJUA NA WALIOKWENDA

Kisha wakaja mamajusi kutoka mashariki. Injili haisemi kwamba walikuwa watatu, wala kwamba walikuwa wafalme. Zilizo tatu ni zawadi zao, yaani dhahabu, uvumba na manemane. Walipofika Yerusalemu kuuliza habari za mfalme aliyezaliwa, Herode aliwakusanya makuhani wakuu na waandishi. Hao walijibu sawasawa kwa maneno ya nabii Mika: Bethlehemu.

Kutoka Yerusalemu hadi Bethlehemu ni mwendo wa kilomita zipatazo 9 tu. Wageni waliosafiri kutoka mbali waliumaliza mwendo huo. Juu ya wale wajuzi wa Maandiko, Mathayo haandiki kwamba hata mmoja alitoka mlangoni. Muumini anayekariri aya nyingi na asimtembelee jirani yake mgonjwa, ajitafute katika sehemu hii ya habari.

USIKU WA KUKIMBIA

Herode alitawala Uyahudi chini ya kivuli cha Roma tangu mwaka 37 mpaka alipofariki mwaka 4 Kabla ya Kristo. Mwanahistoria Josephus ameandika jinsi mfalme huyo alivyomwua mkewe Mariamne na wanawe watatu kwa kuhofia kiti chake. Josephus hataji mauaji ya Bethlehemu. Hata hivyo, tendo analolisimulia Mathayo lalingana na tabia ya mtu huyo.

Yosefu alipoonywa katika ndoto ya pili hakungoja kupambazuke. Aliondoka usiku na mtoto na mama yake, wakaenda Misri, nchi iliyokuwa chini ya Roma moja kwa moja tangu mwaka 30 Kabla ya Kristo, na hivyo nje ya mkono wa Herode. Katika nchi za Maziwa Makuu, ambako jamaa nyingi zimepata kuvuka mpaka gizani na watoto migongoni, sura hii haihitaji maelezo marefu. Yafaa tu kukumbuka kwamba huyo ambaye Mkristo humsujudia alikuwa mkimbizi kabla hajajua kusema. Anayemdharau mkimbizi mlangoni pake na afikiri mara mbili.

KILIO KISICHOFARIJIWA

Lakini watoto wengine wa Bethlehemu, wa miaka miwili na chini yake, hawakuokoka. Mathayo hakulificha jambo hilo ili furaha ya kuzaliwa isichafuke. Alikumbusha maneno ya nabii Yeremia juu ya Raheli anayewalilia wanawe na kukataa kufarijiwa. Kwa nini mmoja aliokolewa na wengine wakaangamia? Injili haitoi jibu mahali hapo, wala haimkaripii mama anayelia. Kanisa la magharibi limeweka tarehe 28 Desemba, siku tatu tu baada ya Krismasi, kuwa kumbukumbu ya watoto hao. Fundisho lake ni wazi: aendaye kwenye matanga ya mtoto asikimbilie kufafanua mapenzi ya Mungu. Na akae, alie pamoja na mwenye kulia.

IMANI YENYE TAHADHARI

Herode alipokufa, Yosefu aliagizwa kurudi. Akarudi. Lakini aliposikia kwamba Arkelao anatawala Uyahudi mahali pa baba yake, aliogopa. Hofu hiyo ilikuwa na sababu: Josephus aeleza kwamba mwanzoni mwa utawala wake Arkelao aliua watu wapatao 3,000 wakati wa Pasaka. Ndoto ya nne haikumkemea Yosefu kwa kuogopa. Ilimwelekeza Galilaya, naye akakaa Nazareti. Kumwamini Mungu hakumwondolei mzazi wajibu wa kuangalia hatari na kuchagua mahali pa salama kwa wanawe.

Baada ya hapo Yosefu atoweka katika simulizi. Yesu alipokuwa mtu mzima, watu wa kwao walimtaja kwa mshangao kuwa ni mwana wa seremala, na basi. Ilipita karne nyingi hata Papa Pius IX alipomtangaza Yosefu, mwaka 1870, kuwa msimamizi wa Kanisa Katoliki lote. Na mwaka 1955 Papa Pius XII aliiweka tarehe 1 Mei kuwa sikukuu yake kama mfanyakazi. Heshima hizo hakuziona. Aliyoyaona ni mwanamke aliyehitaji kusitiriwa, mtoto aliyehitaji jina, na njia ya usiku iliyohitaji mtu wa kuitangulia. Maneno matupu hayavunji mfupa. Katika nyumba nyingi imani hujulikana kwa namna hiyo hiyo: kwa yule anayeamka usiku, watoto wanapokuwa wamelala, akafanya lililo lazima.